Dinari: Sura ya Nani Juu Yake, na Fedha Kiasi Gani Ndani Yake?

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Mathayo 22:15–22, Isaya 1:21–26, Waebrania 1:3

Wiki hii tunajifunza kutoka kwa kitu kidogo sana, sarafu moja ya fedha. Fungua Mathayo 22 uiweke karibu, kwa sababu tutairudia mara kwa mara.

Hadithi yenyewe unaijua. Mafarisayo waliwatuma wanafunzi wao pamoja na Maherode wakamuulize Yesu kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Lilikuwa swali la mtego. Akisema lipeni, watu watamwona msaliti wa taifa. Akisema msilipe, atashtakiwa kwa Warumi kama mchochezi. Watu walikuwa bado wanamkumbuka Yuda Mgalilaya, yule wa Matendo 5:37, aliyeinua watu wakati wa kuandikishwa kwa ajili ya kodi hiyo hiyo. Yesu hakujibu moja kwa moja. Aliwaambia wamwonyeshe sarafu ya kodi, wakamletea dinari. Ndipo akawauliza sura na maandishi yaliyokuwa juu yake ni ya nani.

Ona jambo moja hapo. Ukianzia sura ya 21:23 utajua kwamba walikuwa ndani ya hekalu. Yesu ndiye aliyeomba aonyeshwe sarafu, na wao ndio walioitoa. Sasa hebu tuiangalie hiyo dinari vizuri kama wao walivyoiona, kisha tuulize inatufundisha nini.

1. DINARI ILIKUWA PESA YA AINA GANI?

Kwa Kiswahili chetu neno "fedha" lina maana mbili. Ni yale madini meupe yanayong'aa, na pia ni pesa yoyote ile. Dinari ilikuwa fedha kwa maana zote mbili: pesa iliyotengenezwa kwa fedha. Shika hilo neno, tutalihitaji mbele.

Warumi walianza kuitengeneza karibu mwaka 211 KK, wakati wa vita vyao vikali na Hannibal wa Carthage. Jina lake linatokana na kumi, kwa sababu mwanzoni moja ilikuwa sawa na sarafu kumi za shaba. Jina hilo lilisafiri sana. Waarabu walilichukua wakaita dinar, na ndiyo sababu hata sisi tunasoma dinari katika Biblia yetu. Wakati wa Yesu ilikuwa na uzito wa karibu gramu 4, na karibu yote ilikuwa fedha safi. Mathayo 20:2 inatuonyesha thamani yake: ni mshahara wa kibarua wa siku moja shambani. Kwa hivyo unapoiona dinari, fikiria mtu ameamka alfajiri, ameshika jembe mpaka jua likazama, na jioni anawekewa kitu kimoja kidogo kwenye kiganja.

2. MIUNGU ILIYOKUWA JUU YAKE

Dinari za kwanza zilikuwa na kichwa cha mungu wa kike wa mji wa Rumi, amevaa kofia ya vita. Nyuma kulikuwa na vijana wawili juu ya farasi wanaokimbia. Hao ni mapacha Castor na Pollux, ambao Warumi waliamini huwasaidia vitani na baharini. Ukisoma Matendo 28:11 utakutana nao, kwa sababu meli iliyomtoa Paulo Malta kwenda Rumi ilikuwa na alama ya mapacha hao hao. Paulo aliipanda akafika.

Hata mahali sarafu zilipotengenezwa palikuwa pa ibada. Kiwanda kilikuwa kwenye kilima cha Capitoline, kando ya hekalu la Juno aliyeitwa Moneta. Kutokana na jina hilo Waingereza walipata neno lao money. Iko dinari ya mwaka 46 KK ambayo upande mmoja ina kichwa cha Moneta, na upande wa pili ina vyombo vya kazi: nyundo, koleo na fuawe.

Baadaye mambo yalipanda ngazi. Mwaka 44 KK Julius Caesar akawa Mrumi wa kwanza kuwekwa sura yake kwenye sarafu za Rumi akiwa bado hai. Nyuma ya nyingi ya sarafu hizo aliwekwa Venus, mungu wa kike ambaye ukoo wa Caesar ulidai ni bibi yao wa zamani. Mwaka huo huo aliuawa. Miaka miwili baadaye baraza la Rumi likamtangaza kuwa mungu. Augustus, ambaye Caesar alikuwa amemfanya mwana katika wasia wake, akaanza kuandika kwenye sarafu kwamba yeye ni mwana wa mungu.

Sasa fika kwenye ile iliyoletwa mbele ya Yesu. Wataalamu wengi wanaamini ilikuwa dinari ya Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Mbele ina kichwa chake kimevaa taji la majani, na maandishi yanayosema huyu ni Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus aliye mungu. Nyuma ameketi mwanamke mwenye fimbo ya utawala na tawi mkononi. Wengi husema ni Livia, mama yake Tiberius, amefananishwa na Amani. Maandishi ya nyuma yanamtaja Kaisari kuwa kuhani mkuu.

Mpendwa, soma hayo maneno tena polepole. Mwana wa mungu. Kuhani mkuu. Sarafu hiyo ilishikwa mbele ya yule ambaye sisi tunamkiri kuwa Mwana wa Mungu na Kuhani Mkuu kweli kweli, naye hakupiga kelele. Aliuliza swali tu.

3. JE, KUISHIKA ILIKUWA DHAMBI?

Naulizwa hili sana, hasa na vijana wanaotumiwa video kwenye simu kwamba noti fulani ina alama za giza, kwamba ukiiweka mfukoni umeingia agano. Wacha tulijibu kwa Maandiko na historia.

Kodi ya hekalu, ile nusu shekeli ya Kutoka 30:13, wakati wa Yesu ililipwa kwa sarafu za fedha za mji wa Tiro. Sarafu hizo zilikuwa na kichwa cha Melqart, mungu wa Tiro, na nyuma yake tai. Huyo Melqart ni baali wa watu wa Tiro. Kwa nini makuhani walizikubali? Zilikuwa na fedha nzuri, zaidi ya sehemu 90 katika 100, na uzito wake uliaminika. Wale wabadilishaji ambao Yesu alipindua meza zao katika Mathayo 21:12 walikuwa katika biashara hiyo. Vile vipande thelathini alivyopewa Yuda, kuna uwezekano mkubwa vilikuwa vya aina hiyo hiyo.

Yesu alipindua meza. Hakuhubiri kwamba sarafu ina pepo. Kilichomkasirisha ni kwamba nyumba ya sala imegeuzwa pango la wanyang'anyi. Na kuhusu dinari ya Tiberius alisema kilicho cha Kaisari kirudishiwe Kaisari. Picha ya mungu wa uongo haikuwa na nguvu ya kumnajisi anayelipa kodi yake kwa haki. Fedha safi nayo haikutakasa shughuli chafu, kwa maana huenda sarafu hizo hizo zenye fedha nzuri ndizo zilizonunua damu ya Bwana wetu.

Sisi Wakenya tumepunguziwa mjadala huu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 231, imekataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu. Sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Hakuna anayetuomba tumsujudie twiga. Kwa hivyo ndugu yangu, acha kuogopa picha iliyo kwenye pesa. Kuna swali lingine kubwa zaidi, na Rumi yenyewe inatufundisha.

4. MIUNGU ILIBAKI, FEDHA IKAISHA

Chuoni nilisomea biashara, na sehemu hii ya historia huwa inanigusa kuliko zote.

Mwaka 64 BK Kaisari Nero alipunguza uzito wa dinari. Zamani ratili moja ya fedha ilitoa dinari 84. Yeye akaagiza zitoke 96, tena akaongeza shaba ndani. Ukiiangalia kwa macho huoni tofauti. Waliomfuata nao wakapata matumizi makubwa, zaidi ya yote mishahara ya askari, na mkono ukazoea. Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya pili, alishusha fedha mpaka karibu nusu. Mwanawe Caracalla mwaka 215 akatoa sarafu mpya yenye sura ya mfalme aliyevaa taji la miale kama mungu jua. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba ilihesabiwa kuwa dinari mbili, lakini fedha yake haikufika hata ya dinari mbili za wakati huo. Ilikuwa kama ya moja na nusu.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua sarafu 100 safi, ziyeyushe, changanya na shaba nusu kwa nusu, utapata 200. Kwa mwezi wa kwanza unaonekana tajiri. Lakini sokoni watu si wajinga. Walianza kuficha zile za zamani zenye fedha na kulipia kwa zile mbaya. Bei zikapanda. Yule askari aliyeongezewa mshahara akajikuta hanunui kitu.

Mwaka 260 Kaisari Valerian alitekwa na Waajemi, na mwanawe Gallienus akatawala peke yake mpaka 268. Katika miaka hiyo fedha ndani ya sarafu ilishuka hadi karibu sehemu 5 katika 100, na mwishoni hata chini ya hapo. Ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kidogo juu. Ukiitumia muda mfupi wekundu unaanza kuonekana. Wazee wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Na sasa sikiliza kilichokuwa kimechorwa juu ya shaba hiyo. Gallienus alitoa mfululizo mzima wa sarafu za miungu na wanyama wao: Apollo, Diana, Neptune, Jupiter, mungu jua, Hercules na wengine, kila mmoja akiitwa mlinzi wa Kaisari. Sijui kama unaona. Fedha imebaki haba, lakini majina ya miungu yamejaa. Bado zilikuwepo pia sarafu za Aequitas, yule mwanamke anayeonyeshwa akiwa na mizani mkono mmoja na pembe iliyojaa mazao mkono mwingine. Jina lake maana yake ni haki, kutoa kipimo sawa. Picha ya mizani iligongwa juu ya sarafu ambayo yenyewe imepunjwa!

Haba na haba hujaza kibaba, si ndio? Basi haba na haba pia hukimaliza. Haikuwa kazi ya siku moja. Kuanzia Nero hadi Gallienus ni miaka 200, na hakuna mwaka hata mmoja ambao Rumi iliacha kuchora miungu.

5. FEDHA YAKO IMEKUWA TAKA

Karne nyingi kabla ya Gallienus, Isaya aliuambia Yerusalemu neno kama hili. Katika Isaya 1:22 anasema fedha yao imegeuka kuwa taka na divai yao imechanganywa na maji. Soma sura yote utaona hakuwa akisema na watu wasioomba. Walikuwa na dhabihu, sikukuu, mikutano na maombi marefu. Jina la Bwana lilikuwa juu ya kila kitu. Lakini viongozi walipenda rushwa, yatima hakutetewa na kesi ya mjane haikusikizwa. Sura ilikuwepo. Fedha ndani haikuwepo.

Wapendwa, hapa ndipo somo linapotufikia. Sisi ni watu wa kuandika jina la Mungu kila mahali. Liko kwenye matatu, mlangoni mwa duka, kwenye picha ya simu, kwenye risiti. Na ni vizuri, silaumu. Ninachouliza ni kile Warumi walipaswa kujiuliza: ndani kumebaki kiasi gani?

Duka linaitwa Mungu Mbele, lakini gorogoro ya kupimia mahindi imebonyezwa kitako iingie ndani. Maziwa yana jina la baraka na maji ya bomba. Mama ameimba kwaya Jumapili mpaka machozi, na dada anayemfanyia kazi nyumbani ana miezi miwili hajalipwa. Kumbuka dinari ni jasho la mtu la siku moja, na Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unalia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Mweka hazina wa chama anafungua mkutano kwa maombi, kisha kitabu cha hesabu hakionekani. Mwingine anatoa fungu la kumi kwa uaminifu lakini anaficha mapato asilipe kodi, akisema serikali ni wezi. Yesu alikuwa akizungumza juu ya kodi ya Tiberius, jamani. Serikali ikikosea tunayo sauti na tunayo kura. Udanganyifu haukuwekwa katika orodha.

Na sisi watumishi tusijitoe. Kanisa linaweza kufanya alichofanya Gallienus. Neno linapopungua madhabahuni, tunaweza kuongeza majina makubwa kwenye mabango, mafuta ya upako zaidi, mikutano ya ishara zaidi, na watu wakaenda nyumbani na shaba iliyopakwa fedha. Mkristo wa namna hiyo hung'aa Jumapili. Akisuguliwa kidogo na ugonjwa, deni au maneno ya jirani, wekundu unatokea. Kwa hivyo nawaomba mtupime. Wafanyabiashara wa Rumi walikuwa wakigonga alama ndogo kwenye dinari, wengine wakaikata ukingoni, kuona kama ndani ni fedha au ni shaba iliyofunikwa. Paulo katika 1 Wathesalonike 5:21 anataka tujaribu mambo yote na kushika lililo jema. Anayehubiri kweli haogopi kukatwa ukingoni.

6. CHAPA ILIYO JUU YAKO

Turudi hekaluni. Yesu alipouliza sura ni ya nani, Mathayo ametumia neno la Kigiriki eikon. Neno hilo hilo ndilo liko katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Mwanzo 1:27, pale Mungu anapomuumba mtu kwa mfano wake. Wale waliomsikia walijua Torati yao. Sarafu ina sura ya Kaisari, basi mpe Kaisari sarafu yake. Wewe una sura ya nani? Jibu hilo Yesu aliliacha wajipe wenyewe, wakaondoka wakistaajabu.

Halafu Waebrania 1:3 inamwita Kristo chapa ya nafsi ya Mungu. Neno la Kigiriki hapo ni lile lililotumiwa kwa alama inayogongwa kwenye sarafu. Tiberius aliandika juu yake mwana wa mungu, na ilikuwa maandishi tu. Ndani ya Yesu hakuna kilichopungua. Alivyo juu ndivyo alivyo ndani. Yeye ndiye kipimo chetu, na kwa kipimo hicho hakuna kati yetu anayefika mia kwa mia.

Lakini usikate tamaa, kwa sababu Isaya hakuishia kwenye mstari wa 22. Mstari wa 25 Bwana anaahidi kuyeyusha na kuondoa taka yote. Malaki 3:3 inamwonyesha ameketi kama msafishaji wa fedha. Kaisari alitia moto ili aongeze shaba. Mungu wetu hutia moto ili aitoe. Moto ni ule ule kwa ngozi, na unauma, lakini kazi yake ni tofauti kabisa. Ukiona mambo yako yamewekwa wazi, dhamiri inakuchoma kuhusu kipimo au deni la mtu, usikimbie. Huenda ni Msafishaji amekaa kazini. Zakayo, katika Luka 19, hakuanza kwa kuongeza nyimbo. Alianza kurudisha pesa za watu, mara nne.

Wiki hii basi fanya jambo moja la kupimika. Nyoosha kitako cha gorogoro. Mlipe dada wa kazi. Peleka kitabu cha chama kikaguliwe. Kisha njoo Jumapili tuimbe pamoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Yesu hakuwakemea kwa kuwa na dinari yenye sura ya Kaisari hekaluni?
2. Taja mahali katika kazi yako ambapo ni rahisi kuweka jina la Mungu juu na kupunguza kipimo ndani.
3. Fedha ya Rumi iliisha kidogo kidogo kwa miaka 200. Ni mambo gani madogo yanayopunguza uaminifu wetu bila sisi kuona?
4. Kuna mtu unayepaswa kumrudishia kitu? Utamrudishia lini?

OMBI

Bwana Yesu, wewe ni chapa ya Baba isiyo na upungufu. Tuangalie ndani, si juu tu. Kilichochanganywa kiyeyushe, taka uitoe, na uturudishie fedha yetu. Tupe ujasiri wa kurekebisha vipimo vyetu kabla jua la Jumapili halijachomoza. Amina.